Kusikia na Kusikiliza

Mwezi huu tujifunze habari ya jambo tulifanyalo kila siku bila kulifikiri, yaani kupashana habari kwa maneno. Lugha yetu yenyewe yatupa mwanzo wake. Twasema kusikia, twasema kusikiliza, tena twasema kusikilizana. Kusikia ni kazi ya sikio. Hata aliyelala husikia mvua. Kusikiliza ni kazi ya moyo, maana mtu hutega sikio kwa kutaka. Na kusikilizana ni kazi ya watu wawili, wala mmoja hawezi kuifanya peke yake.

Mtaalamu wa Uingereza, Colin Cherry, alilijaribu jambo hili mwaka 1953. Aliwavika watu vyombo vya kusikilizia, akapeleka maneno mbalimbali katika kila sikio, akawaagiza wafuatishe kwa sauti maneno ya sikio moja tu. Waliweza vema. Lakini walipoulizwa habari ya sikio la pili, hawakuwa na la kusema ila kwamba palikuwa na sauti ya mtu. Hata msemaji alipoacha Kiingereza akasema Kijerumani, hawakutambua. (Nadhani wengi wetu tumekaa barazani hivyo, tukiitikia “naam, naam,” na moyo u shambani.)

Gharama yake yaweza kuwa kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege kubwa mbili zilikuwa katika njia moja, moja ya Waholanzi na moja ya Wamarekani, na kwa ukungu hazikuonana. Nahodha wa Waholanzi alikuwa na haraka, kwa kuwa saa za kazi alizoruhusiwa zilikaribia kwisha. Akaanza kuikimbiza ndege kabla ya kupewa ruhusa. Msaidizi wake akawapasha habari watu wa mnara kwa maneno yenye maana mbili: wako tayari kuruka, au wanaruka. Mtu wa mnara akajibu, “Sawa,” akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wangoje. Wakati ule ule Wamarekani walisema kwamba wao wangali njiani. Sauti hizo zikagongana redioni, zikawa mlio tu; Waholanzi wakasikia wazi neno “sawa” peke yake.

Hata hapo nafasi moja ilibaki. Fundi wa mitambo wa Waholanzi aliwasikia Wamarekani wakisema kwamba watatoa habari wakiisha kuondoka njiani, akauliza kama bado hawajaondoka. Nahodha akajibu kwa nguvu kwamba wameondoka. Watu 583 walikufa.

Mimi naona swali la fundi yule latufundisha zaidi ya mlio wa redio. Chombo chaweza kutengenezwa. Lakini mtu ambaye moyo wake umekwisha kuondoka, hata akiulizwa kwa sauti wazi, hujibu lile analotaka liwe kweli.

Baada ya msiba huo kanuni za maneno ya marubani zilikazwa, rubani hurudia agizo alilopewa, wala haitoshi kuitikia “sawa.” Desturi hii yafaa nyumbani pia. Mama aliyeambiwa kijiko kimoja mara tatu, na moyo wake uko kwa homa ya mtoto, aweza kufika nyumbani na vijiko vitatu mara moja. Tabibu akimwuliza, “Umefahamu?” atajibu ndiyo, maana heshima yamfunga. Heri amwambie, “Mama, nieleze utakavyompa.” Kosa likiwapo litaonekana pale pale, kabla ya chupa kufunguliwa.

Na moyo unaotangatanga urudishwe namna gani? Mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa zoezi la utulivu, alilolichota katika desturi za Kibuddha. Mtu huketi, huiangalia pumzi yake, na moyo ukienda mbali huutambua, huurudisha bila kujilaumu. Kulieleza ni rahisi. Jaribuni dakika tano, mtaona. Azungumzaye na mwenzake aweza kufanya vivyo hivyo, ila mahali pa pumzi aweke maneno ya mwenzake. Akiona ameanza kutunga jibu hali mwenzake angali akisema, na aliache, arudi. Na akiwa amepoteza neno, aseme waziwazi, “Samahani, ndugu yangu, moyo wangu ulikwenda; niambie tena.” Wengi huona haya kusema hivyo, hasa mzee mbele ya kijana, ingawa kijana amekwisha kuona tangu mwanzo kwamba hasikilizwi.