Tiba ya usemi: Maswali manne ya kuuliza kabla ya kulipa

Bila shaka umewahi kusikia ushuhuda kama huu: "Mtoto wangu alikuwa hasemi. Tukampeleka mahali fulani akatibiwa, na sasa anasema bila shida." Wazazi wengine hushauriwa mtoto akatwe utando ulio chini ya ulimi. Wengine huuziwa dawa ya kunywa, na wengine hulipia mazoezi ya kupuliza filimbi na kutafuna vitu vigumu ili "kuutia ulimi nguvu".

Je, utajuaje ni tiba ipi inayofaa? Wanaosomea tiba ya usemi na lugha hufunzwa kuupima utafiti kabla ya kuyatumia matokeo yake kwa mgonjwa. Ujuzi huo si wa vyuoni pekee. Hata wewe unaweza kujifunza maswali yake makuu, nayo ni manne.

1. Waliotibiwa walilinganishwa na nani?

Watoto wengi wadogo wenye kigugumizi hupona wenyewe kadiri wanavyokua. Kwa hivyo mtoto akipona baada ya kutibiwa, huwezi kusema papo hapo kwamba ni tiba iliyomponya. Ni lazima pawe na watoto wengine wa kulinganisha nao.

Mfano mzuri ni utafiti uliofanyiwa New Zealand na kuchapishwa mwaka wa 2005 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Ulichunguza tiba iitwayo Lidcombe, ambapo mzazi hufunzwa kumsifu mtoto anapozungumza bila kukwama. Watoto 54 wa umri wa miaka 3 hadi 6 waligawanywa kwa kura: 29 wakapewa tiba hiyo, 25 hawakupewa. Kura ni muhimu kwa sababu humzuia mtafiti kuwachagulia tiba yake wale wenye nafuu.

Baada ya miezi tisa, kigugumizi cha waliotibiwa kilikuwa kimepungua kwa asilimia 77. Lakini usishangilie bado! Kwa wale ambao hawakupewa tiba hiyo, kigugumizi pia kilipungua, kwa asilimia 43. Katika kila silabi 100, waliotibiwa walikwama kwenye silabi 1.5 kwa wastani, na wenzao kwenye 3.9. Tofauti hiyo ndiyo faida ya tiba. Ni faida ya kweli, lakini ni ndogo kuliko ile ambayo ungedhani kama ungetajiwa asilimia 77 peke yake.

2. Nani aliyepima, na alijua nini?

Anayetamani tiba ifaulu huweza kuona mafanikio yasiyokuwepo, tena bila nia ya kudanganya.

Mapema katika miaka ya 1990, njia moja ilienea sana Marekani ya kuwasaidia watu wenye tawahudi wasioweza kusema. Msaidizi alimshika mgonjwa mkono huku mgonjwa akichapa herufi kwenye kibodi. Watu ambao hawajawahi kutamka neno wakaanza kuandika sentensi kamili, na wazazi wakalia kwa furaha.

Mwaka wa 1993, watafiti katika jimbo la New York waliijaribu njia hiyo kwa wagonjwa 12 na wasaidizi 9. Mgonjwa alionyeshwa picha moja na msaidizi picha nyingine, bila mmoja kuona ya mwenzake. Picha zilipotofautiana, hakuna hata mara moja ambapo jina la picha ya mgonjwa liliandikwa. Kumbe aliyekuwa akiandika ni msaidizi, bila yeye mwenyewe kujua! Kufikia wakati huo, baadhi ya wazazi walikuwa wameshtakiwa kwa makosa mazito kutokana na maneno yaliyoandikwa kwa njia hiyo. Mwaka wa 2018 chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu nchini Marekani kilitamka tena kwamba njia hiyo haifai kutumiwa.

3. Tiba yenyewe ilikuwa kiasi gani?

Swali hili hukulinda dhidi ya kosa la upande wa pili, yaani kuitupa tiba kabla ya kuichunguza.

Mwaka wa 2000, jarida lilo hilo la BMJ lilichapisha utafiti wa eneo la Bristol, Uingereza, uliohusisha watoto 159 waliochelewa kusema au kutamka. Baadhi walipewa tiba mara moja, na wengine wakaangaliwa tu kwa mwaka mmoja. Kati ya mambo matano yaliyopimwa, tofauti ya wazi ilionekana katika moja tu: kuelewa maneno wanayosikia.

Msomaji wa haraka atasema tiba ya usemi haina maana. La hasha! Soma zaidi, nawe utaona kwamba watoto waliotibiwa walipata kwa wastani takriban saa sita tu za tiba kwa mwaka mzima. Utafiti huo ulionyesha kwamba tiba kidogo namna hiyo haileti mengi. Haukuonyesha kwamba tiba ya kutosha ni bure.

4. Je, waliochunguzwa wanafanana na mtoto wako?

Matokeo ya mtoto wa miaka minne si ya kijana wa kidato cha pili. Vilevile, mtoto wa Nairobi anayezungumza Kiluo na nyanya yake, Kiswahili na majirani na Kiingereza shuleni, huenda akaonekana amechelewa akipimwa kwa Kiingereza peke yake. Mtaalamu mwema atakuuliza kuhusu lugha zote za nyumbani kabla ya kutoa uamuzi.

Ufanye nini sasa?

Maswali haya si kisingizio cha kungoja. Mtoto akitimiza mwaka mmoja na nusu bila kutamka hata neno moja lenye maana, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo katika umri wowote, mpeleke hospitalini. Anza kwa kupimwa masikio, maana asiyesikia hawezi kujifunza maneno ya kusemwa. Ule utando wa chini ya ulimi unaweza kumtatiza mtoto mchanga anyonyapo, lakini si sababu ya mtoto kukosa kusema kabisa. Mzazi anayekimbilia kuukata huku mtoto ni kiziwi hupoteza miezi ambayo haitarudi. Pia vipo vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Uliza kilicho karibu nawe.

Ukipendekezewa tiba, mwulize anayeitoa: Imejaribiwa kwa watoto wa aina gani? Walilinganishwa na nani? Nani alipima matokeo? Mtoto atahitaji saa ngapi, na tutajuaje kama haisaidii? Mtaalamu wa kweli atakujibu kwa utulivu, na pale asipojua atasema hajui. Anayekasirika, au anayekuonyesha ushuhuda mtupu wa wateja wake, hajakupa sababu ya kufungua kibeti.

Kuuliza si ujinga.