Somo kwa Vyama vya Msingi: Kuwatambua na Kuwaandika Vipepeo wa Milimani

Katibu wa chama cha msingi apokeapo kakao ya mwanachama haandiki katika daftari kwamba leo imeletwa kakao nyingi. Huandika jina la mwenye mzigo, tarehe, kilo zilizoonyeshwa na mzani na hali ya kakao yenyewe, kisha hutoa stakabadhi. Miezi ikipita na ubishi ukizuka, daftari ndilo lisemalo. Somo hili lahusu viumbe wasiopimwa kwa mzani wala kuuzwa mnadani, nao ni vipepeo wa milima inayoizunguka Kyela. Hata hivyo kazi inayotakiwa ni ileile ya daftari, na kwa hiyo makatibu na wanachama wana ujuzi wake zaidi kuliko wanavyodhani.

Tambarare ya Kyela imeinuka kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Matema, Milima ya Livingstone husimama wima kando ya maji ya Ziwa Nyasa, na nyuma ya safu hiyo uko uwanda wa Kitulo wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Kaskazini uko Mlima Rungwe, unaokaribia mita 2,960. Kwa kuwa joto hupungua takribani nyuzi sita kwa kila mita 1,000 za kupanda, mtu atokaye katika mashamba ya mpunga hadi nyasi za Kitulo amepita katika nchi kadhaa: ya miembe na kakao, ya migomba na chai, ya msitu wenye ukungu, kisha ya majani mafupi na maua. Kila moja ina vipepeo wake. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na msitu wa Rungwe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Katika milima hiyohiyo hutoka mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ambayo mkulima wa mpunga haijui kwa kuisoma katika ramani bali kwa kuingia kwake shambani.

Yafaa kusema mapema jambo ambalo mwanachama atauliza. Kipepeo haongezi kakao. Ua la mkakao huchavushwa na vijidudu wadogo mno wa jamii ya usubi, na mpunga huchavuka kwa upepo na ndani ya ua lenyewe. Thamani ya kipepeo iko kwingine. Kiwavi wa kila aina hula mimea michache tu, pengine mmea mmoja. Mmea ukikatwa, aina ile hutoweka mahali pale. Tena maisha yake ni mafupi, hata mabadiliko ya msitu huonekana katika hesabu ya vipepeo mapema, wakati miti mikubwa ingali imesimama na mtu aipitaye njiani adhani kuwa hakuna lililoharibika.

Mfano wa gharama ya kutoandika uko hapo hapo Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua nyani mmoja wa msituni na kumwita kipunji. Walisema habari zake kwa miaka mingi, lakini hapakuwa na maandishi yoyote ya kitaalamu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika mlima ule walimwona, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kuwa amepatikana nyani mpya. Mpya kwa nani? Kwa daftari, si kwa wawindaji. Baada ya hapo ndipo alipohesabiwa. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilipata 1,117 tu, katika misitu ya Rungwe na Kitulo pamoja na ule wa Ndundulu huko Udzungwa. Ikiwa mnyama wa ukubwa huo aliweza kukaa nje ya maandishi hadi karne hii, msomaji na akisie hali ya kipepeo mwenye upana wa ukucha.

Basi, kwanza ni kumtenga kipepeo na nondo. Vipapasio vya kipepeo huishia kwa kifundo kama rungu dogo, na vya nondo aghalabu ni vyembamba kama uzi au vyenye matawi kama unyoya. Kipepeo huruka mchana na mara nyingi atuapo husimamisha mabawa yakakutana mgongoni. Viwavijeshi, ambao kila katibu amepata kuwaandikia taarifa, ni watoto wa nondo; katika mashtaka yale kipepeo hahusiki.

Hatua ya pili ni kuhesabu miguu. Jambo hili huchekesha vikundi linapotajwa mara ya kwanza, lakini ni msaada mkubwa. Wako vipepeo wengi, wa jamii iliyo kubwa kuliko zote, ambao hutumia miguu minne tu, ile miwili ya mbele ikiwa imesinyaa na kukunjwa kifuani. Wale weupe na wa njano waonekanao makundi kwa makundi kwenye mchanga uliolowa kando ya mto, wakifyonza chumvichumvi, hutumia yote sita. Hali kadhalika wale wakubwa wa jamii ya Papilio, ambao wengi wao wana mikia katika mabawa ya nyuma. Wadogo wa buluu wana alama kama jicho na vijimkia vyembamba nyuma, ili ndege adonoe upande usio na kichwa. Wenye mwili mnene, wanaorukaruka kwa kasi na vipapasio vilivyopindwa ncha kama ndoana, ni jamii ya peke yao.

Anayefaa kuanza naye ni yule wa michungwa, Papilio demodocus, mweusi mwenye madoa ya njano na asiye na mkia. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege juu ya jani. Akikua huwa kijani, na akiguswa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mwenye mchungwa yeyote amekwisha kumwona, ila pengine hakujua kuwa kiwavi yule na kipepeo huyu ni mmoja.

Ugumu huanzia kwa waigaji. Yupo kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye mabaka meupe, Danaus chrysippus, arukaye polepole pasipo hofu, kwa kuwa kiwavi wake hula mimea yenye utomvu wa sumu na ndege wamejifunza kumwacha. Jike wa Hypolimnas misippus hana sumu hiyo, lakini amevaa vazi lilelile. Mwandikaji na atazame bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa, na mwigaji ana moja tu karibu na ukingo wa mbele. Dume wa huyo mwigaji hafanani hata kidogo na mkewe. Ni mweusi mwenye mabaka meupe ya duara yenye wekundu wa zambarau pembeni. Anayeandika dume na jike kuwa aina mbili amekosa kwa sababu ya kueleweka.

Msituni yuko Papilio dardanus, ambaye dume wake ni wa njano hafifu na ana mikia. Majike katika sehemu nyingi za bara la Afrika hawana mkia, tena hawafanani hata wao kwa wao, kila sura ikiiga kipepeo mwingine mchungu. Na katika nyasi za vilimani yuko Precis octavia, ambaye wa masika ni mwekundu wa chungwa na wa kiangazi ni wa buluu iliyoiva. Ni aina moja. Tofauti inatokana na hali ya hewa aliyokulia. Kwa sababu hiyo tarehe katika daftari si pambo. Aliyeandika rangi bila tarehe hajaandika kitu.

Yanayopasa kuandikwa ni haya: tarehe, saa, mahali kwa jina linalojulikana kijijini, pamoja na mwinuko ikiwa simu yaweza kuuonyesha, hali ya hewa, namna ya mahali, kama ni msitu, ukingo wake, shamba au nyasi, aina ya kipepeo, idadi, na jina la aliyeona. Saa iandikwe kwa maneno, "saa nne asubuhi," kwa maana simu huhesabu saa kwa namna nyingine na wasomaji wa baadaye watachanganyikiwa. Palipo na jina la Kinyakyusa, la Kikinga au la Kikisi, liandikwe hilo kando ya jina la kitaalamu, au peke yake ikiwa la kitaalamu halijulikani. Kisha iongezwe safu moja ambayo madaftari mengi hayana: kiasi cha hakika. Neno "hakika" kwa aliyetazamwa vizuri au kupigwa picha, na "yadhaniwa" kwa aliyepita mbio. Katibu asione haya kuandika "mdogo, wa buluu, hakutambuliwa." Maneno hayo ni bora kuliko jina kubwa la kubahatisha, kwani jina la kubahatisha likikwisha kuingia daftarini halina tena sura ya kubahatisha.

Kuona mara moja hakutoshi. Nchini Uingereza, ambako aina za vipepeo hazizidi sana 60, ulianzishwa mwaka 1976 mpango wa kutembea katika njia zilezile wiki kwa wiki, kwa utaratibu wa mtaalamu Ernest Pollard. Mtembeaji huenda kwa mwendo mmoja na kuhesabu waliomo ndani ya mita mbili na nusu kila upande na mita tano mbele yake. Walio mbali zaidi huwaacha. Wengi wa watembeaji hao ni watu wa kawaida wanaojitolea. Tanzania ina aina zaidi ya 1,300, na kitabu kikubwa cha Jan Kielland kuhusu vipepeo wake kilitoka mwaka 1990, kwa Kiingereza. Kikundi cha Matema au cha Ntaba hakiwezi kuzijua zote, wala hakihitaji. Aina kumi zitambuliwazo bila shaka, zikihesabiwa katika njia moja ya kilomita moja kutoka shambani hadi ukingo wa msitu, mara mbili kwa mwezi, mwaka mzima wa mvua na wa kiangazi, ni kumbukumbu ya kutegemewa. Siku asipoonekana hata mmoja, iandikwe sifuri. Ukurasa mtupu hauna maana hiyo; unaweza kuwa hakuna aliyekwenda.

Kazi yote hii ni ya macho. Ndani ya Hifadhi ya Kitulo na ya Rungwe haifai kukamata wala kuchukua kipepeo bila kibali cha wenye mamlaka, nao ni TANAPA kwa Kitulo na Wakala wa Huduma za Misitu kwa Rungwe. Njia ya kikundi na ipite nje ya mpaka, au kikundi kiombe ruhusa kwanza. Picha za simu zatosha, na programu kama iNaturalist hupokea picha hizo ili wajuzi wasaidie kutaja jina.

Wako watakaouliza juu ya biashara. Ni kweli kwamba huko Arabuko-Sokoke, Kenya, tangu mwaka 1993, na baadaye Amani katika Usambara Mashariki, wanavijiji walifuga vipepeo na kuuza mabundo yao kwa nyumba za maonyesho ng'ambo. Ni kweli pia kwamba mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilizuia kupeleka nje wanyamapori hai, na wafugaji wa Amani wakakosa soko. Chama kisianzishe daftari hili kwa ahadi ya fedha.

Wazee watakumbuka vikundi vya kusikiliza redio vya Mtu ni Afya, 1973, na vya Misitu ni Mali, 1980. Kikundi cha namna hiyo, cha watu wanane au kumi, chatosha. Katika mkutano wa kwanza kijadili: ni njia ipi itakayopitwa, na mpaka wa hifadhi uko wapi hasa? Ni aina zipi kumi ambazo kila mmoja aweza kuzitambua pasipo kuulizana? Nani atatembea wakati wa mavuno, kila mtu awapo shambani? Daftari likijaa litawekwa kabati gani, na nakala yake atapewa nani?