Sauti na Data katika Mnara Mmoja

Mwezi Aprili 2020, maji ya mto Rusizi yalipoingia majumbani Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, maelfu ya watu walihama. Katika saa kama hizo kila mtu hushika simu: mmoja anaomba msaada, mwingine anatuma video. Wengi hawajui kwamba wote wawili huweza kugombea nafasi zilezile za mnara.

Tuchukue mtandao wa kizazi cha pili, unaotumiwa na simu nyingi ndogo za vitufe. Kila mkondo wake wa redio una upana wa kilohezi 200, nao hugawanywa katika vipande 8 vya muda vinavyojirudia zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Walau kipande kimoja katika mnara ni cha ishara za uendeshaji. Vinavyobaki ndivyo vya watumiaji. Kwa kawaida mazungumzo hushikilia kipande kizima mpaka yaishe, hata wazungumzaji wakinyamaza. Data haina desturi hiyo: hukatwa vifurushi vidogo, na watu kadhaa hupokezana kipande kimoja.

Kampuni ya simu huweza kutenga baadhi ya vipande kwa data pekee na kuviacha vingine viwe vya pamoja. Katika hivyo vya pamoja sauti hutangulia, na simu ikipigwa data husogezwa kando. Kwa maoni yetu huo ni mpango wa busara, kwani picha ikichelewa dakika moja haiharibiki, lakini kilio cha msaada kikikatikakatika hakieleweki. Hata hivyo, vipande vyote vikishashikwa na mazungumzo, anayefuata hukataliwa, hata kama nyumba yake inazama. Hapo maongezi marefu ya kujuliana hali (nasi tunayapenda!) huziba njia kuliko video.

Ujumbe mfupi wa maandishi hupita katika njia ya ishara, kwa hiyo mara nyingi hufika pale simu iliposhindikana. Uanze kwa kutaja mahali, kisha tukio, kisha idadi ya watu walio hatarini.

Nanyi mnaoishi mpakani, tazameni jina la mtandao kwenye kioo kabla ya kupiga. Simu iliyonasa mnara wa Kongo huenda isiifikishe namba fupi ya dharura kwa polisi wa Burundi. Hifadhini namba kamili ya kituo chenu, ikianza na +257.