Mionzi, Mama na Wajukuu

SWALI: Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi, na daktari ameshauri apelekwe Lusaka akatibiwe kwa mionzi. Majirani wanasema ataungua, na kwamba akirudi asiwapakate wajukuu. Je, ni kweli? Binti, Katuba, Lubumbashi.

JIBU: Binti yangu, mama yako awapakate wajukuu wake bila ya khofu, kwani mionzi ya nje hutoka katika mashine isiyomgusa mgonjwa, ikapenya ngozi na kuufikia uvimbe, na mara mashine izimwapo hapana hata chembe yake isaliayo mwilini ya kumdhuru mtu mwingine.

Kazi yake ni kuviharibu vinasaba vya seli za saratani hata zisiweze tena kuzaana. Seli zilizo salama nazo hujeruhiwa, lakini aghalabu hujitengeneza vizuri zaidi, na kwa sababu hiyo dozi haitolewi kwa mkupuo mmoja bali hugawanywa, kwa maradhi haya, katika siku takriban 25, siku tano kila juma. Kwanza atapigwa picha na kuchorwa alama za wino nyongani, ambazo asizisugue aogapo, maana mafundi huzitumia kila siku kumlaza palepale. Kisha atatulia peke yake juu ya meza ngumu kwa dakika chache, wakimtazama kutoka chumba cha pili, wala hatasikia moto. Baada ya majuma mawili au matatu huenda akachoka, akaharisha, au mkojo ukamchoma, naye awaambie wauguzi mapema. Nywele za kichwani hazinyonyoki kwa mionzi ielekezwayo nyonga. Aghalabu huongezwa dawa ya sisplatini kila juma, na mwishoni mionzi ya ndani, ambayo chombo chake huingizwa ukeni kwa muda kisha kikatolewa.

Tiba hii si ngeni kwetu. Tangu 1922 radiamu nyingi iliyotumiwa na matabibu wa Ulaya ilitolewa huko Olen, Ubelgiji, katika mawe ya mgodi wetu wa Shinkolobwe, hapa Katanga. Na tangu 1951, ilipoanza Kanada, mashine nyingi zimetumia kobalti iliyowekwa kwanza katika tanuri la nyuklia, nayo ni madini ya jinsi ileile yapitayo mpakani Kasumbalesa juu ya malori usiku na mchana. Yanitia uchungu kwamba mgonjwa wa Katanga hupita njia iyo hiyo kuifuata tiba ugenini.

Lililo muhimu kuliko yote ni kutokatiza siku, madhali tiba nzima, ya nje na ya ndani, yapasa kumalizika kabla ya majuma manane kupita, ama sivyo seli zilizobaki hupata nafasi ya kuzaana upya. Basi, kabla hamjavuka mpaka, ipigieni simu Hospitali ya Saratani ya Lusaka, iliyofunguliwa 2007, mkaulize kama mashine inafanya kazi na mama ataanza lini. Mchukue majibu ya kipimo cha nyama na picha zote, na mtafute mapema malazi na masurufu ya miezi miwili. Jamaa wote wachange sasa, msingoje fedha zikatike katikati ya tiba.