Kutoboa kitako cha nguzo ndefu: nilichojifunza kwa nguzo saba

Nguzo za zamani za baraza la mama mdogo, pale Butiama, ukizitazama huoni kasoro. Siku moja nimeegemea mojawapo nikisubiri chai, ikasogea. Nikafukua kidogo kwa panga: chini ya sakafu hapakuwa na mti tena, palikuwa na udongo wa mchwa ulioshika umbo la mti.

Ndipo nikamwahidi nguzo mpya sita ambazo hazitagusa ardhi. Mpango ni rahisi kuusema. Unachimbia kipande cha bomba la chuma kwenye zege, unalichomelea sahani ya chuma sentimita kumi juu ya sakafu, na sehemu inayobaki juu ya sahani inaingia ndani ya nguzo kutokea chini, sentimita 20 hivi. Nguzo inakalia sahani, bomba linaizuia isiteleze, na mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake juu ya chuma, peupe, ukimwona. Kazi iko kwenye hilo tundu. Kutoboa mbao ubavuni kila fundi anajua. Kutoboa nguzo ya futi kumi kwenye kitako, tundu pana, refu na lililonyooka, ni kazi nyingine kabisa.

Nguzo nilizinunua Bunda, za mlingoti, unene inchi sita. Nilichukua sita kamili, kwa kujiamini. Ya saba nilirudi kuifuata baadaye, na nauli yake naikumbuka mpaka leo.

Kosa la kwanza halikuwa la mti, lilikuwa la hesabu. Duka la vifaa Musoma niliomba bomba la inchi moja na nusu. Nyumbani nikapiga hesabu: inchi moja na nusu ni milimita 38. Nikatafuta biti bapa ya 38, nikatoboa nguzo ya kwanza jasho likinitoka, nikaleta bomba. Haliingii hata kidogo. Nilipopima kwa kipimo cha fundi chuma nikakuta unene wa nje ni milimita 48 na ushee. Majina ya mabomba ni majina tu. Usiyachukulie kama vipimo. Bomba la inchi moja kwa nje lina milimita 33.7, la moja na nusu 48.3. Pima chuma chenyewe kabla hujagusa mti.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Nikasema nitapanua tundu. Lakini biti pana inahitaji mahali pa kukanyaga katikati, na katikati palishakuwa shimo. Nikachonga kizibo cha mbao ili nikipigilie, biti ipate pa kushika. Nyundo ya tatu, nguzo ikalia *kwaa*, ufa ukakimbia kutoka kitakoni hadi usawa wa kiuno changu. Mlingoti una hasira zake tangu ukiwa mti. Ukishakatwa, ncha zake zinangoja sababu tu ya kupasuka. Mimi nikaupa kabari.

Baada ya hapo nikateremka Mwigobero, mwaloni, kumwona mzee mmoja anayeunda mitumbwi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, nikamweleza. Akaokota fungu la matete lililokuwa karibu, akalishika wima mbele yangu, akachomeka msumari katikati ya matete kutokea juu. Ukazama bila kushika. Akalilaza, akachomeka ubavuni. Ukashika. "Sasa wewe unataka skrubu ya keekee ikuvute wapi?" akaniuliza.

Mbao ndiyo hilo fungu. Ukitoboa ubavuni, skrubu ndogo iliyo puani mwa biti inashika kwenye nyuzi zilizolala na kuivuta biti ndani. Ukitoboa kitakoni, skrubu inapita kati ya nyuzi zilizosimama, inazisaga unga, unga unajaa kwenye meno yake, na biti inabaki inazunguka palepale ikitoa moshi. Tena inakwenda inakotaka: ikikuta mstari mgumu inaukimbia, ikikuta ufa au kiini laini inaufuata. Wakazi wa London waliwahi kunywa maji yaliyopita ndani ya magogo yaliyotobolewa hivi hivi, ncha hadi ncha, mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 mabomba ya chuma yalipochukua nafasi. Keekee za kazi ile zilikuwa na umbo la kijiko kirefu, hazitegemei skrubu. Mzee wa Mwigobero hakuhitaji kwenda London kulijua hilo.

Msumeno wa duara, ule wa kutobolea milango ya vitasa, niliujaribu pia kwenye kile kipande kilichopasuka. Unakata mviringo safi, kisha kinyama cha katikati kinakataa kutoka. Mlangoni unatokea upande wa pili, basi. Hapa kinyama kimeshikwa chini na nyuzi zote zilezile za nguzo; ukikitekenya kwa patasi kinachanika vijiti vijiti lakini hakikatiki. Nilipoteza asubuhi nzima kwa sentimita nne.

Dawa ilikuwa kwenye sanduku la fundi makabati. Ipo biti fupi ya mviringo, milimita 35, wanayotobolea mlango wa kabati wapate kukaza bawaba za ndani. Ile inakata kwa ukingo wake wote, haijali nyuzi zimelala au zimesimama. Na milimita 35 ni nyumba nzuri ya bomba la inchi moja. Nikalirudisha lile bomba nene dukani, nikaongeza maneno matamu, wakanibadilishia. Kwa hiyo tafuta biti kwanza, bomba litafuata. Mabomba yamejaa kila duka. Biti nzuri pana ni ya kuulizia.

Ubaya wake ni ufupi. Nilimpelekea fundi wa kukereza vyuma, akaniongezea mkono wa sentimita 30. Usimpe mchomeleaji wa kando ya barabara kazi hii: mkono ukipinda kidogo tu, biti inacheza na tundu linatoka pana mdomoni.

Halafu unyoofu. Jicho linadanganya, na nguzo ya mviringo inadanganya zaidi. Usichukue kiini cha mti kuwa ndiyo katikati, mara nyingi kimekaa pembeni. Nililaza nguzo juu ya vigoda viwili vilivyokatwa mfano wa V, nikavuta uzi kutoka ncha hadi ncha, nikaizungusha robo, nikavuta tena, ndipo nikapata katikati ya kweli. Kisha nikachukua gogo la mninga, unene sentimita kumi, nikaomba kwenye karakana moja wanitobolee kwa mashine ya kusimama tundu la 35, wima kabisa. Hilo nikalifunga kitakoni mwa nguzo kwa vibao vinne na skrubu. Biti inapita kwanza ndani ya mninga, kwa hiyo inapoukuta mlingoti imeshafundishwa njia. Tundu likishafika sentimita nane unaweza kuliondoa gogo. Biti itafuata njia yake yenyewe.

Kabla ya kuwasha chochote, zungushia kitako waya wa kufungia, mizunguko minane au kumi, uukaze kwa koleo. Tangu nianze kufunga hivyo sijapasua nguzo nyingine.

Drili iende polepole, na iwe na mkono wa pembeni. Biti pana ikinasa ghafla, kinachozunguka ni kiwiko chako. Kila sentimita mbili vuta nje, kung'uta unga. Ukiona moshi umechelewa. Na kila baada ya kuvuta, zungusha nguzo robo juu ya vigoda vyake, wewe ubaki ulipo. Hii ni ya yule mzee: kama mkono wako una tabia ya kuinama kushoto, kosa haliendi upande mmoja tu, linagawanyika pande nne. Tundu moja lilinichukua kama dakika 40. Mbili kwa siku zinatosha, drili nayo ipumue.

Kama nguzo zako zimetiwa ile dawa ya kijani, vaa barakoa, na unga wake usiuchome wala kuwamwagia kuku. Mara nyingi una shaba, kromiamu na aseniki. Na usitoboe mti mbichi. Zangu nilizikausha miezi mitatu kivulini, juu ya mawe. Mti haunywei sawasawa pande zote, kwa hiyo tundu la mviringo ulilotoboa leo kwenye mti mbichi utalikuta kesho kutwa ni yai.

Siku ya kusimamisha, Butiama, nilimimina gundi ya makopo mawili ndani ya tundu, tukainua nguzo, tukaishusha juu ya bomba. Ikashuka nusu, ikarudi juu kama imekanyagwa mkia. Hewa haikuwa na pa kutokea. Nikatoboa kitundu cha milimita sita ubavuni, usawa wa mwisho wa tundu kubwa. Nguzo ikashuka taratibu, na gundi ilipochungulia kwenye kitundu nikajua kumejaa. Zilizobaki nilizitoboa hivyo kabla ya kuziinua.

Mama mdogo alipita akizigonga moja moja kwa fimbo. Ya nne akasimama, akaitazama kutoka chini hadi juu. "Hii imelala kidogo, mwanangu." Nikaleta timazi. Ilikuwa imelala milimita tano.