KWA NINI MTO RUAHA MKUU HUKAUKA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Maji ya dunia ni mengi mno, lakini katika kila lita mia, yale yasiyo na chumvi hayafiki lita tatu, na sehemu kubwa ya hayo ni barafu. Hilo twalijua sote tangu Kidato cha Kwanza. Walakini upungufu wa maji haufahamiki vema kwa hesabu ya dunia nzima; yafaa tuchukue mto mmoja tuutazame. Mimi nimeuchagua Ruaha Mkuu, kwa kuwa nimezaliwa kando ya mfereji mmoja huko Usangu, na madaftari yangu na nauli ya kuja shuleni hutokana na mpunga. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nawasema watu wengine.

Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na mingineyo hushuka kutoka milimani ikaingia katika uwanda wa Usangu, Mkoa wa Mbeya, na maji yake hukusanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, nao ni Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Na tufikiri juu ya mtungi uliotobolewa ubavuni, karibu na mdomo. Ukijaa, maji hutiririka; yakishuka chini ya tundu, halitoki hata tone moja, ingawa mtungini yamo. Ihefu ni vivyo hivyo. Jua hunywa maji yake kila siku, na ikiwa mito haileti ya kutosha kufidia yaliyonywewa, maji hushuka chini ya kizingiti na mto hukatika. Huko chini, katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko hubaki wakisongamana katika vidimbwi vya matope.

Tangu mwaka 1993 mto umekauka karibu kila kiangazi. Wafugaji ndio waliolaumiwa sana. Mwaka 2006 waliamriwa kuondoka na mifugo yao, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Hata hivyo mto haukuacha kukauka. Sisemi kwamba ng'ombe hawaharibu kinamasi, wanakiharibu. Lakini ng'ombe hawezi kunywa mto mzima.

Sababu kubwa iko juu zaidi, kwenye mabanio. Wazee wetu walijenga mabanio ya mawe, miti na nyasi. Yalivuja sana, na kila masika yalisombwa, nao wakayajenga upya kwa taabu. Baadaye yakaja mabanio ya zege, yenye milango ya chuma, nasi tukafurahi. Lakini kule kuvuja kwa banio la zamani kulikuwa ndiko kuliko walisha watu wa chini na Ihefu. Banio la zege halivuji: wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba, laweza kuuchukua karibu wote.

Tena jambo la kushangaza ni hili. Mpunga huvunwa kuanzia mwezi wa Mei, na ifikapo Agosti majaruba mengi yamekwisha kuwa makapi matupu. Mifereji hata hivyo huendelea kupeleka maji mpaka Novemba. Maji hayo hutapakaa katika mashamba yasiyo na kitu, yakakaushwa na jua. Nimeyaona kwa macho yangu, na nilipokuwa mdogo tulivua kambare humo bila kuuliza yametoka wapi.

Basi, je, mtu atasema tufunge milango baada ya mavuno? Ndiyo, ila kuna kizuizi ambacho watu wa mbali hawakijui. Vijiji vingi huteka maji ya kunywa na kupikia katika mifereji hiyo hiyo. Ukifunga banio, umemfungia mama mtungi wake. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya Ihefu ni visima vya pampu vijijini, ndipo milango ifungwe.

Shambani nako yako mengi ya kufanya. Jaruba lisilosawazishwa hudai maji ya kina kirefu ili upande wa juu upate kulowa. Wanaofuata kilimo shadidi hupanda miche michanga, mmoja mmoja kwa nafasi, na huacha jaruba likauke kidogo kabla ya kulimwagilia tena. Baba yangu alikataa kwa miaka miwili, akisema mpunga usiosimama majini si mpunga. Mwaka jana alijaribu jaruba moja.

Lililo gumu kuliko yote ni zamu. Vibali vya maji hutaja kiasi kile kile, mto ujae au upungue, na aliye juu hupata kwanza. Jumuiya za watumia maji zingefaa kugawana kwa sehemu: mto ukipungua nusu, kila banio lipungue nusu. Banio letu liko juu. Nilipolisema jambo hili nyumbani wakati wa likizo, niliulizwa kama shuleni ndiko ninakofundishwa kuwapa watu wa chini maji ya baba yangu.