SOMO LA 14: KOCHA MSAIDIZI AMEONDOKA

Ndugu msomaji, kama unakaa Ujiji, Kibirizi, Katonga au kijiji chochote cha ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, unajua jioni zetu zilivyo. Jua likielekea milima ya Kongo, vijana hutoka na mpira. Wengine huchezea mchangani, karibu na mahali dagaa wanapoanikwa. Wengine wana uwanja wenye magoli ya miti. Kila timu ina kocha wake, na watu wote humjua.

Lakini pembeni mwa kocha hukaa mtu mwingine. Yeye hubeba mipira. Hupanga vijana mistari. Huuliza nani hakuja, na kwa nini hakuja. Huyo ni kocha msaidizi. Watu wengi hawamwoni mpaka siku anapoondoka.

Somo hili ni la siku hiyo. Timu itampataje mtu wa kushika nafasi yake?

Fainali ya Kigoma

Tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga zilikutana katika uwanja wa Lake Tanganyika, mjini Kigoma. Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Simba walishinda bao 1 kwa 0. Bao lilifungwa na Taddeo Lwanga, mchezaji kutoka Uganda.

Baada ya mchezo kila mtu alimtaja Lwanga. Hiyo ni haki yake. Sisi tuangalie benchi.

Kocha mkuu wa Simba siku ile alikuwa Didier Gomes, Mfaransa. Alikuwa amefika Simba mwezi wa Januari mwaka ule ule. Msaidizi wake alikuwa Selemani Matola, Mtanzania. Matola alikuwa mwenyeji kuliko mkuu wake. Alianza kazi hiyo Desemba 2019, akachukua nafasi ya Denis Kitambi. Wakati ule kocha mkuu alikuwa Sven Vandenbroeck wa Ubelgiji. Vandenbroeck akaondoka, Matola akabaki. Akaja Gomes. Gomes naye akaondoka Oktoba 2021, Matola akabaki. Akaja Pablo Franco wa Hispania. Huyo naye akaondoka mwishoni mwa Mei 2022, na Matola akaachiwa timu amalize msimu.

Hesabu mwenyewe: makocha wakuu watatu, msaidizi mmoja.

Matola alikuwa na nini hata akafaa kwa kazi ile? Kwanza, aliwahi kuichezea Simba, akiwa kiungo. Pili, alikuwa amefundisha timu nyingine akiwa mkuu. Aliifundisha Lipuli ya Iringa, ikafika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2019. Baadaye akawa na Polisi Tanzania. Kwa hiyo alivijua viwanja vya mikoani, alizijua timu pinzani, na alizungumza lugha ya wachezaji. Mgeni kutoka Ulaya hana hayo anaposhuka kwenye ndege. Anaweza kujua mpira sana, lakini hajui uwanja upi una vumbi, wala mchezaji yupi hunyamaza akiwa na maumivu.

Aliyerudi kuwa wa pili

Upande wa Yanga tuna habari nyingine, nayo inatoka kwa jirani zetu. Cedric Kaze ni mtu wa Burundi. Alikuwa kocha mkuu wa Yanga tangu Oktoba 2020. Machi 2021 akaachishwa kazi. Nafasi yake ikachukuliwa na Nasreddine Nabi, mzaliwa wa Tunisia. Nabi ndiye aliyekuwa kocha wa Yanga katika fainali ile ya Kigoma.

Kabla mwaka huo haujaisha, Yanga walimwita Kaze tena. Safari hii hakuitwa kuwa mkuu. Aliitwa awe msaidizi wa Nabi, mtu aliyekalia kiti chake.

Fikiri, ndugu msomaji. Wangapi kati yetu wangekubali? Mtu aliyekuwa nahodha wa mtumbwi akiambiwa arudi kushika kasia, mara nyingi hususa. Kaze alikubali. Msimu wa 2021/22 Yanga walichukua ubingwa wa ligi bila kupoteza hata mchezo mmoja. Mwaka 2023 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakapambana na USM Alger ya Algeria. Kombe hawakulipata, lakini walifika mbali.

Hatusemi kwamba mafanikio hayo yaliletwa na msaidizi peke yake. Hiyo ingekuwa chumvi. Tunasema kwamba viongozi hawakuona aibu kumrudisha mtu aliyekwisha kuwajua wachezaji, na yeye hakuona aibu kurudi.

Nchi za mbali nazo zina mfano. Uingereza alikuwapo kocha mmoja hodari, Brian Clough. Msaidizi wake aliitwa Peter Taylor. Kazi kubwa ya Taylor ilikuwa kutambua wachezaji wazuri ambao wengine hawakuwaona. Mwaka 1974 Clough alikwenda kufundisha Leeds, na Taylor hakwenda naye. Clough alikaa Leeds siku 44 tu, akafukuzwa. Baadaye wawili hao waliungana tena katika timu ya Nottingham Forest. Timu hiyo ikachukua Kombe la Ulaya mwaka 1979, na tena mwaka 1980.

Tuje kijijini

Sasa tutunge mfano wetu wenyewe. Tuseme kuna kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Kigoma. Kocha mkuu wa timu ni mwalimu wa shule ya msingi. Msaidizi wake amepata kazi Uvinza, amehama. Mashindano ya kata yataanza baada ya wiki tano. Tena kuna jambo zito zaidi: mwalimu wa shule anaweza kuhamishwa wakati wowote. Akihamishwa, timu itabaki mikononi mwa msaidizi. Kwa hiyo kamati haichagui mbeba mipira. Inachagua mtu ambaye huenda akawa mkuu kabla ya mvua kunyesha.

Kamati ilikaa chini ya mwembe. Majina matatu yakatajwa.

Wa kwanza alikuwa mshambuliaji wa zamani. Wazee bado wanakumbuka mabao yake. Yeye ni mvuvi wa dagaa.

Wa pili alikuwa shemeji yake mwenyekiti. Aliahidi kuinunulia timu jezi mpya.

Wa tatu alikuwa golikipa kijana aliyeumia goti, hachezi tena. Alikuwa bado anakuja uwanjani kila jioni, ingawa hakuna aliyemwita.

Mwenyekiti alisema, "Ndugu zangu, jezi tunazihitaji. Hizi tulizo nazo zimechanika."

Mzee mmoja akajibu, "Ni kweli, mwenyekiti. Lakini jezi haifundishi mtu kupiga mpira. Shemeji akitaka kutusaidia, atusaidie, nasi tutamshukuru. Ukocha ni jambo lingine."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza. Kusema vile mbele ya mwenyekiti si kazi nyepesi.

Ndipo katibu akauliza swali lililopaswa kuulizwa mapema. Alimgeukia kocha mkuu, akasema, "Mwalimu, wewe unapungukiwa na nini?"

Mwalimu alifikiri. Akasema, "Kukimbiza vijana naweza. Kuwafundisha kupasiana naweza. Lakini sikuwahi kudaka mpira, basi golikipa wetu namfundisha kwa kubahatisha. Tena vijana hawaniambii mambo yao. Mimi ni mwalimu wao wa darasani, wananiogopa. Mchezaji anaumwa tumbo, ananiambia yuko mzima. Namwona anaanguka uwanjani."

Jibu hilo liligeuza mazungumzo. Kabla ya hapo watu walikuwa wanauliza, "Nani maarufu?" au "Nani atatupa kitu?" Sasa waliuliza, "Nani ataziba pengo la mwalimu?"

Yule mshambuliaji wa zamani aliungwa mkono na wengi. Anajua mpira, na vijana wanampenda. Lakini mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawafuati taa vizuri, basi wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mtu huyo angekuwa uwanjani siku za mbalamwezi, na siku za giza angekuwa anajiandaa kuingia ziwani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Katika miezi kama hiyo mvuvi ana nafasi. Lakini timu haiwezi kungoja ziwa lifungwe.

Hakuna aliyemlaumu. Ana watoto wa kulisha.

Wiki mbili za majaribio

Kamati haikupiga kura siku ile. Iliwaomba yule mvuvi na yule golikipa wafundishe wiki moja kila mmoja, mwalimu akiangalia. Tunaona walifanya vema. Maneno ya mkutanoni ni matamu, lakini uwanja husema zaidi.

Wiki ya mvuvi ilikuwa ya furaha. Aliwaonyesha vijana namna ya kupiga mpira wa kona, na walijifunza. Siku mbili hakufika.

Wiki ya golikipa ilianza vibaya. Wachezaji wakubwa walimdharau kwa sababu jana tu alikuwa mwenzao. Mmoja alikataa kukimbia. Golikipa hakugombana naye. Alimwacha akae, akaendelea na wengine, kisha baada ya mazoezi akaenda nyumbani kwake kuzungumza naye. Alikuta mke wa kijana huyo amelazwa. Jambo hilo mwalimu hakulijua.

Tena golikipa alikuja na daftari. Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima, kama wewe. Kila jioni aliandika waliokuja, waliochelewa na walioumia. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa kupinda, lakini ulisomeka. Mwisho wa wiki mwalimu aliligeuza daftari lile kurasa kwa kurasa. Akaona kwamba mabeki wake wawili hawakuwahi kufanya mazoezi pamoja hata siku moja.

Sisi waandishi wa somo hili tungemchagua golikipa, na mvuvi tungemwomba aje siku za mbalamwezi kuwafundisha washambuliaji. Lakini yule mzee wa jezi hakukubali. Alisema kijana hana sauti, na mashindanoni timu hutaka mtu wa kupaza sauti. Huenda naye ana haki. Darasa lenu litaamua.

Yaandikwe

Mkishamchagua mtu, andikeni. Timu nyingi za vijijini huvunjika kwa maneno ya mdomo. Huyu anasema aliahidiwa nauli. Yule anasema hakuahidi. Karatasi moja inatosha. Iseme kazi yake ni ipi, anafika siku zipi, anapewa nini, hata kama ni nauli na chai tu. Iseme pia nani anapanga timu siku ya mchezo kama kocha mkuu hayupo. Hilo la mwisho ndilo huleta ugomvi zaidi. Wote watie sahihi. Nakala moja ibaki kwa katibu, nyingine apewe mwenyewe.

Mkiweza, mtafutieni masomo. Shirikisho la mpira la Afrika, yaani CAF, lina vyeti vya ukocha vya ngazi tano. Mtu huanza na D, kisha C, kisha B, kisha A, na mwisho Pro. Kigoma kuna timu ya Ligi Kuu, Mashujaa, iliyopanda mwaka 2023 baada ya kuishinda Mbeya City katika michezo ya mchujo. Siku wanapocheza Lake Tanganyika, mpelekeni msaidizi wenu. Aketi karibu na benchi, asitazame mpira tu. Atazame wasaidizi wanavyofanya kazi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Matola alifanya kazi na makocha wakuu watatu wa kigeni. Wataje, na useme kila mmoja alitoka nchi gani.
2. Kaze alikubali kuwa msaidizi mahali alipokuwa mkuu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?
3. Swali la katibu liligeuza mazungumzo. Lilikuwa swali gani? Kwa nini lilipaswa kuulizwa mapema?
4. Kati ya mvuvi na golikipa, darasa lenu linamchagua nani? Wanaompinga wapewe nafasi ya kusema kwanza.

Zoezi la kuandika

Andika barua fupi ya kumwarifu kocha msaidizi mpya kwamba amechaguliwa. Mweleze siku za mazoezi na kazi zake. Kisha andika barua ya pili, kwa yule ambaye hakuchaguliwa. Hii ya pili ni ngumu zaidi, basi usiiandike kwa haraka.